Gari la Zamani Lenye Mfumo Mwepesi au la Kisasa Lenye Kompyuta Nyingi: Yafahamike Haya Kabla ya Kuagiza

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kwa familia nyingi nchini, gari ni mali ya pili kwa thamani baada ya nyumba, na mara nyingi hununuliwa kwa fedha zilizokusanywa kwa muda mrefu: mafao ya kustaafu, mkopo wa chama cha akiba na mikopo, au mauzo ya mazao ya misimu kadhaa. Sehemu kubwa ya magari hayo huwa yametumika kwanza nje ya nchi, hususan Japani, ambako madereva hutumia upande wa kushoto wa barabara kama ilivyo hapa, kisha hushushwa katika Bandari ya Dar es Salaam. Kwa miaka mingi swali kuu la mnunuzi lilikuwa bei. Siku hizi limeongezeka la pili, nalo ni gumu zaidi: je, achukue toleo jipya kadiri mfuko unavyoruhusu, au achukue gari la miaka ya nyuma ambalo fundi wa makao makuu ya wilaya analifahamu na spea zake zinapatikana?

Swali hilo si la Tanzania peke yake. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) iliyotolewa mwaka 2020 ilionesha kuwa kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na Umoja wa Ulaya, Japani na Marekani, na kwamba takribani asilimia 40 yalikuja Afrika. Magari hayo huja na teknolojia ya nchi yalikotoka. Hayaji na mafuta ya nchi hizo, wala barabara zake, wala karakana zake. Hapo ndipo penye kiini cha suala hili.

Vizazi vitatu vya magari

Watu wanapozungumzia "gari la zamani" huwa wanachanganya magari ya aina mbili tofauti kabisa, na mchanganyiko huo ndio unaozaa ubishi usiokwisha katika vijiwe vya mafundi. Kwa urahisi wa kueleza, magari yaliyopo katika barabara zetu yanaweza kugawanywa katika vizazi vitatu.

Kizazi cha kwanza ni cha magari ya kabureta kwa upande wa petroli, na ya pampu ya nozeli ya kimakanika kwa upande wa dizeli. Katika magari haya umeme unahitajika zaidi wakati wa kuwasha na kwa ajili ya taa. Kazi nyingine zote hufanywa na chuma, springi na mpira. Mfano unaofahamika zaidi ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, ambayo wengi huiita "Mkonga" kutokana na bomba lake la kuvutia hewa lililopanda juu ubavuni mwa kioo. Injini yake maarufu ya 1HZ, ya dizeli, yenye silinda 6 na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, ilianza kutumika mwaka 1990. Haina turbo wala kompyuta ya kuongoza mafuta. Si injini yenye nguvu nyingi kwa ukubwa wake, na si nyepesi kwa mafuta, lakini imesafirisha chanjo, walimu, wahandisi na wajawazito katika maeneo ambayo gari jingine lingeachwa njiani. Mtengenezaji aliendelea kuiuza kwa masoko yenye mazingira magumu muda mrefu baada ya kuiondoa katika nchi zenye masharti makali ya moshi, jambo linalotosha kuonesha kuwa wepesi wa mfumo una wateja wake.

Kizazi cha pili ni cha magari yanayopuliziwa petroli kwa sindano zinazoongozwa na kompyuta, mfumo unaojulikana kwa mafundi wetu kama EFI. Magari mengi ya familia yaliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi mwishoni mwa miaka ya 2000 yamo humu, likiwemo Toyota IST ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2007, ambayo imeenea mno jijini Dar es Salaam na mikoani. Gari hilo lina kompyuta moja ya injini, giaboksi otomatiki ya kawaida yenye gia 4, na mifuko ya hewa ya usalama. Kompyuta ipo, lakini ni ya aina ambayo fundi anaweza kuitoa na kuweka nyingine yenye namba ileile. Isitoshe, tangu mwaka 1996 Marekani ililazimisha magari madogo yauzwayo huko yawe na soketi ya kupimia ya muundo mmoja, yenye pini 16, na utaratibu huo ukaenea kwa watengenezaji duniani. Kifaa cha kusomea hitilafu kupitia soketi hiyo sasa kinapatikana kwa bei ambayo hata fundi wa kijijini anaweza kuimudu.

Kizazi cha tatu ni cha magari ambayo ndani yake kuna mtandao. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitambulisha njia ya kuunganisha kompyuta za gari ili zizungumze kwa nyaya mbili badala ya kila kifaa kuwa na nyaya zake. Ulikuwa ubunifu mkubwa, na ulipunguza uzito wa nyaya. Leo gari la kawaida la kizazi hiki linaweza kuwa na makumi ya kompyuta: ya injini, ya giaboksi, ya breki, ya usukani wa umeme, ya milango, ya kiyoyozi, hata ya kiti. Taa ya nyuma ikiharibika, kompyuta ya bodi inajua. Betri ikidhoofika, dashibodi inaweza kuwaka taa za onyo ambazo hazihusiani na betri hata kidogo, na fundi asiye na uzoefu akaanza kubadilisha vifaa vizima kimoja baada ya kingine kwa gharama ya mwenye gari.

Kwa mtazamo wa mwandishi wa makala hii, ubishi wa "zamani dhidi ya kisasa" hupungua sana mtu akishavitenga vizazi hivi. Mwananchi anayesema anataka gari lisilo na mambo mengi, mara nyingi gari la kabureta silo lililo akilini mwake. Analolitaka ni gari la kizazi cha pili.

Dizeli na suala la mafuta

Hakuna mahali ambapo tofauti ya vizazi inaonekana wazi kama katika injini za dizeli, na inafaa tulieleze jambo hili kwa kirefu kwa sababu ndiko wengi wanakopoteza fedha.

Katika injini ya dizeli ya zamani, nozeli hufunguka kwa mgandamizo wa takribani baa 100 hadi 200. Ili kupata picha, tairi la gari dogo hujazwa hewa ya baa 2 na kidogo. Katika injini za dizeli za kisasa, pampu moja husukuma mafuta katika bomba la pamoja kwa mgandamizo unaoweza kufikia baa 1,600 hadi zaidi ya 2,000, kisha sindano zinazofunguliwa kwa umeme hupuliza mafuta mara kadhaa ndani ya mzunguko mmoja. Matokeo yake ni injini yenye nguvu zaidi, kelele kidogo na matumizi madogo ya mafuta. Lakini tundu za sindano hizo ni nyembamba mno, na nafasi kati ya vyuma vyake ni ndogo kiasi kwamba chembe ya uchafu au tone la maji ambalo pampu ya zamani ingelimeza na kuendelea na safari, huku linatosha kuikwaruza sindano. Na sindano ikiharibika haitengenezwi kwa jiwe la kunoa. Hubadilishwa, au hupelekwa kwenye karakana chache zenye mashine ya kuzipima.

Ubora wa mafuta nchini umeimarika kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta ili kubaini yaliyochakachuliwa au yaliyokwepa kodi, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi cha kuyachanganya na dizeli. Kuanzia Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kutoka sehemu 500 za awali. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Hata hivyo Japani hutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, na magari ya dizeli ya miaka ya karibuni kutoka huko yamewekewa chujio la masizi kwenye bomba la moshi lililosanifiwa kwa mafuta ya kiwango hicho.

Chujio hilo lina tabia moja ambayo muuzaji huwa haitaji. Hujisafisha lenyewe kwa kuyachoma masizi, lakini linahitaji safari ya mwendo mzuri kwa dakika kadhaa ili lipate joto la kutosha. Gari linaloshinda katika foleni ya Ubungo asubuhi na jioni halifiki huko. Masizi hujaa, taa ya onyo huwaka, na injini hujipunguzia nguvu yenyewe. Baadhi ya mafundi huamua kulitoboa chujio au kulitoa kabisa, kisha "kuidanganya" kompyuta isilitafute. Gari hutembea, ni kweli. Lakini masizi yaliyokuwa yanakamatwa sasa huingia katika mapafu ya watembea kwa miguu, na mnunuzi anayefuata huuziwa gari ambalo si lile alilosoma katika karatasi zake.

Anayeishi mbali na mji mkubwa na kujaza mafuta kwa madumu kutoka kwa wachuuzi, ambao mafuta yao hayana uhakika, asinunue dizeli ya bomba la pamoja la mgandamizo bila kuwa na chujio la ziada la kutenganisha maji na nidhamu ya kulibadilisha kwa wakati. Pengine kauli hiyo itaonekana kali kwa wauzaji, lakini sindano 4 mpya za aina hiyo zinaweza kula sehemu kubwa ya thamani ya gari lenyewe.

Fundi wako anajua nini

Gari halitengenezwi na mtengenezaji wake baada ya kufika kwako. Hutengenezwa na fundi aliye karibu nawe. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) inatoa mafunzo ya ufundi wa magari na ya umeme wa magari katika vyuo vyake, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kinafundisha fani hiyo katika ngazi za juu. Hata hivyo mafundi wengi wa mitaani walijifunza kwa kuwa wasaidizi wa mafundi wengine, kwenye injini za kizazi cha kwanza, na wakarithi mazoea ambayo kwa injini hizo yalivumilika.

Mfano mmoja ni thermostati, kile kidude kinachozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto, mafundi wengi hukitoa na kukitupa. Katika injini ya kabureta madhara yake yalikuwa madogo na ya polepole. Katika injini ya EFI, kompyuta husoma joto la maji, ikaona injini bado baridi, ikaendelea kuongeza petroli kana kwamba gari limewashwa sasa hivi alfajiri ya Njombe. Mwenye gari hulalamika kuwa gari "linakunywa", akabadilisha plagi, akabadilisha pampu, na kile kidude kipo kwenye pipa la taka la gereji.

Mfano wa pili ni mafuta ya giaboksi. Magari mengi ya Kijapani yaliyotengenezwa baada ya katikati ya miaka ya 2000, yakiwemo matoleo kadhaa ya Nissan X-Trail, Nissan Dualis na Toyota za hivi karibuni, hayana gia za kawaida. Yana mkanda wa chuma unaoteleza kati ya puli mbili, mfumo uitwao CVT. Mfumo huo unahitaji mafuta yake maalumu, ambayo si yale mekundu yaliyozoeleka kwenye otomatiki za zamani. Kumwaga mafuta yasiyo sahihi ni kuufanya mkanda uteleze kwenye puli, na kwa kawaida giaboksi haiponi. Anayenunua gari la aina hii kwa mtu aliyelitumia hapa nchini ana haki ya kuuliza ni mafuta gani yaliwekwa, lini, na nani aliyaweka. Akijibiwa "ya otomatiki tu, yale ya kawaida", ni heri aendelee kutafuta gari jingine.

Yapo mengine madogo: kuosha injini kwa maji ya mgandamizo mkubwa na kulowesha soketi za sensa, kuchomelea bodi bila kuchomoa betri, kugawa umeme wa betri kwa gari jingine huku nyaya zimegeuzwa. Gari la kizazi cha kwanza lingesamehe karibu yote hayo. La kizazi cha tatu linaweza kupoteza kompyuta kwa kosa la sekunde moja, na kompyuta yake mara nyingi imefungamanishwa na ufunguo na vifaa vingine, hivyo ile ya mtumba kutoka Gerezani au Ilala haitakubali kufanya kazi mpaka ipangwe upya kwa programu ambayo si kila fundi anayo. Upotevu wa ufunguo wenyewe, ambao zamani ulimalizwa na mchonga funguo wa sokoni, umekuwa safari ya kwenda mjini.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua gari, mwananchi anashauriwa kumchagua fundi kwanza. Amwulize ni magari gani ya aina hiyo amewahi kuyafungua, kifaa gani cha kupimia anacho, na spea za kawaida kama vile pampu ya maji, sensa ya oksijeni na mikono ya chini zinapatikana wapi. Magari yanayoonekana kwa wingi barabarani yana faida ambayo haiandikwi kwenye tangazo lolote: spea zake zipo, na makosa yake yanajulikana.

Kodi ya umri

Wapo wanaodhani kuwa gari la zamani ni la bei nafuu kwa kila hali. Kwa Tanzania sivyo, na hesabu ifuatayo inafaa kufanywa kwa utulivu kabla ya kutuma fedha nje.

Nchi jirani zimeweka ukomo wa moja kwa moja. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi umri wa miaka 8, na Uganda kwa sheria ya mwaka 2018 ilipiga marufuku uingizaji wa magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Tanzania imechagua njia ya kodi. Pamoja na ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaotegemea ujazo wa injini, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, gari dogo lenye umri wa miaka 8 hadi 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Magari ya kazi, kama vile ya mizigo, hutozwa kiwango cha chini zaidi cha asilimia 5 yakizidi umri huo.

Tuchukue mfano wa gari dogo lenye injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 1,000 lakini isiyozidi 2,000, ambalo thamani yake ya kiforodha pamoja na nauli na bima ni shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha ni shilingi 2,500,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 ni shilingi 625,000. Kama gari halijafikia umri wa kutozwa uchakavu, kodi ya ongezeko la thamani inakuwa shilingi 2,362,500, na jumla ya kodi hizo tatu ni shilingi 5,487,500. Kama gari hilohilo limezidi miaka 10, uchakavu unaongeza shilingi 3,750,000, na kwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani hukokotolewa juu ya jumla yote, nayo inapanda hadi shilingi 3,037,500. Jumla inakuwa shilingi 9,912,500, bila kuhesabu tozo ya maendeleo ya reli na ada nyingine za forodha na usajili. Tofauti ni shilingi 4,425,000.

Ni kweli kwamba thamani ya gari kuukuu huwa ndogo, kwa hiyo tofauti halisi hupungua. Lakini thamani inayotumika si lazima iwe ile iliyoandikwa kwenye risiti ya muuzaji. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina mfumo wake wa uthaminishaji wa magari yaliyotumika, na kikokotoo chake kipo wazi kwenye tovuti ya Mamlaka hiyo. Mwananchi huingiza aina ya gari, mwaka, nchi lilikotoka, aina ya mafuta na ujazo wa injini, na kupata makadirio kabla hajalipa hata shilingi moja. Viwango hupitiwa katika bajeti ya kila mwaka wa fedha, hivyo makadirio ya mwaka jana yasitegemewe.

Tahadhari moja zaidi kuhusu umri: huhesabiwa kuanzia mwaka wa kutengenezwa. Nyaraka za Japani mara nyingi huonesha tarehe ya usajili wa kwanza, na gari linaweza kuwa lilitengenezwa mwaka mmoja na kusajiliwa mwaka uliofuata. Miezi hiyo michache inaweza kulivusha gari kutoka asilimia 15 kwenda asilimia 30.

Usalama hauna mfumo mwepesi

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi ya magari ya kizazi cha kwanza haihusu kodi. Inahusu uhai. Gari lisilo na breki za kuzuia magurudumu kukwama linapoteleza katika mvua, usukani wake haumtii dereva. Lenye breki hizo humwezesha kukwepa huku amekanyaga. Umoja wa Ulaya ulifanya breki hizo kuwa za kawaida kwa magari madogo mapya tangu mwaka 2004. Mifuko ya hewa nayo haipo kabisa katika magari mengi ya zamani. Kwa anayesafiri mara kwa mara na watoto kati ya Dodoma na Dar es Salaam, akiyapita malori usiku, wepesi wa kutengeneza hauwezi kuwa kigezo cha kwanza.

Lakini hata kizazi cha pili kina kasoro yake, nayo inastahili kujulikana na kila mwenye gari la Kijapani. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyokuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa mifuko ya hewa duniani, ilitumia baruti ya amoniamu naitreti ambayo hudhoofika kwa joto na unyevu wa muda mrefu. Baruti hiyo ikidhoofika, mfuko hulipuka kwa nguvu iliyozidi na kupasua kasha lake la chuma, na vipande kumrukia dereva au abiria. Nchini Marekani pekee takribani viwashio milioni 67 viliitwa virudishwe, na mwaka 2017 kampuni hiyo ilifilisika. Magari yaliyohusika ni ya watengenezaji wengi, na mengi yalitengenezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, yaani miaka ileile ya magari yanayopendwa hapa. Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya Tanga, Dar es Salaam, Lindi na Unguja mwaka mzima. Watengenezaji wa Japani wana kurasa za kuhakiki kwa namba ya chesisi iwapo gari limeitwa na kama lilirekebishwa. Uhakiki huo huchukua dakika chache, na ni vema ufanywe kabla ya gari kupakiwa melini, kwa sababu kule marekebisho hayo hufanywa bila malipo.

Wakati wa kukagua

Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hukagua magari yaliyotumika yanayoingia nchini ili kujiridhisha kuhusu breki, taa, usukani, moshi na mengineyo ya usalama barabarani. Ukaguzi huo ni wa kiwango cha chini kinachokubalika. Haumwambii mnunuzi kama giaboksi itadumu. Kazi hiyo ni yake.

Karatasi ya mnada wa Japani, ambayo muuzaji mwaminifu huitoa anapoombwa, huonesha daraja la gari na michoro ya mikwaruzo yake. Gari lililotengenezwa baada ya ajali iliyogusa fremu kwa kawaida huandikwa herufi R. Magari kutoka Hokkaido na maeneo mengine ya theluji hutembea juu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi, hivyo chini yake huliwa na kutu hata kama bodi inang'aa. Kutu ya chini ni hatari zaidi kwa gari la kizazi cha tatu, kwa sababu soketi za nyaya nazo huliwa, na hitilafu za namna hiyo huja na kuondoka zisionekane siku ya kupimwa.

Wajapani huyauza magari yakiwa bado mazima kwa sababu inayoeleweka: ukaguzi wa lazima hufanyika miaka 3 baada ya gari kununuliwa likiwa jipya, na kila baada ya miaka 2 baadaye, na gharama zake pamoja na kodi huwafanya wamiliki wengi waone afadhali kubadilisha. Hilo ndilo linalotupatia magari mazuri kwa bei nzuri. Ndilo pia linaloeleza kwa nini kilomita chache mno kwenye gari la miaka mingi hazina budi kutiliwa shaka na kulinganishwa na karatasi ya mnada.

Kwa magari yanayouzwa hapa nchini, hatua ya kwanza ni kuwasha swichi bila kuwasha injini na kutazama dashibodi. Taa ya injini, ya breki na ya mifuko ya hewa zote zinapaswa kuwaka, kisha kuzimika injini inapowaka. Ikiwa mojawapo haiwaki kabisa tangu mwanzo, yawezekana imetolewa ili kuficha hitilafu. Matairi yatazamwe namba nne za mwisho katika msimbo ulioandikwa ubavuni: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama kashata zake zinaonekana mpya.

Jambo jingine ni herufi za namba ya usajili. Imekuwa kawaida kwa madalali kulinadi gari kuwa ni "namba E" kana kwamba herufi hiyo ni umri wake. Herufi huonesha gari liliposajiliwa Tanzania, basi. Lililotengenezwa mwaka 2003 na kuingia nchini juzi litakuwa na namba mpya kuliko lililotengenezwa mwaka 2010 na kuingia mapema zaidi. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari, na namba ya chesisi iliyo kwenye kadi hiyo inapaswa kulingana, tarakimu kwa tarakimu, na iliyopigwa kwenye chuma cha gari lenyewe kabla fedha hazijabadilisha mikono.